WATU WA MTO TANA NA NJIA ZA MALKA

Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Watu wakaao kando yake karibu na Garsen walitoka pande mbalimbali, na kuhama kwao ndiko kulikoijenga jamii ya mahali hapo.

Wapokomo ni wakulima. Mapokeo ya wazee wao yasema kwamba baadhi yao walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, kama wasemavyo pia Wamijikenda. Lugha yao ni ndugu ya Kiswahili. Walikaa ukingoni kwa sababu mto ufurikapo huacha udongo wenye rutuba, nao hupanda humo mpunga, mahindi na migomba.

Waorma ni wafugaji wa ng'ombe, na lugha yao ni ya jamii ya Kioromo cha Uhabeshi. Zamani malisho yao yalienea hata mto Juba. Vita vya miaka ya 1860 baina yao na Wasomali viliwavunja nguvu, na wengi wakasukumwa kuelekea Tana. Wengine walibaki mikononi mwa Wasomali wakashika lugha yao. Wazao wao ndio Wawardei, ambao leo ni majirani wa Waorma.

Mkulima huutaka ukingo kwa shamba, na mfugaji huutaka kwa maji wakati wa kiangazi. Basi ilipatikana njia ya kukaa pamoja, nayo ni malka: nafasi iachwayo wazi baina ya mashamba ili mifugo ifike mtoni. Neno hili ni la Kioromo, lakini Mpokomo hulitumia vilevile. Wazee wa pande zote walipatana. Maziwa yakabadilishwa kwa nafaka, na mvua zilipoanza mifugo ikarudi nyikani.

Malka zikizibwa kwa mashamba, au mifugo ya mbali ikija bila mapatano, amani huvunjika. Mwezi wa Agosti 2012 mapigano makali yalizuka katika Delta ya Tana, na hata kufika mwanzo wa 2013 watu zaidi ya 100 walikuwa wameuawa, wakiwamo wanawake na watoto.

Ukame ungali unawahamisha watu na mifugo. Kwa hiyo yampasa mkulima aulize malka inapita wapi kabla ya kufyeka shamba jipya, na mfugaji apeleke habari kwa wazee kabla ya kuswaga ng'ombe wake mtoni.