Kamera Inayoona Joto: Majaribio ya Kasulu na Kibondo

Kila kitu chenye joto hutoa miali. Moto wa kuni hutoa miali tunayoiona. Ukuta wa tofali, ng'ombe aliyelala zizini na mwanafunzi aliyeketi darasani nao hutoa miali, ila macho ya binadamu hayawezi kuipokea. William Herschel aliigundua huko Uingereza mwaka 1800, alipoutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo na kuweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipo na mwanga wowote. Kipimajoto kikapanda. Miali hiyo ndiyo tuiitayo infraredi.

Kwa muda mrefu kamera ya kuiona miali hiyo ilikuwa chombo cha majeshi na viwanda. Tangu mwaka 2014 vimekuwa vikiuzwa vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye simujanja, kwa bei ya dola 200 hivi na kuendelea. Hizo si fedha kidogo kwa shule ya sekondari ya Kibondo. Kwa hiyo yafaa kujua mapema kifaa hicho kinaweza nini na kinadanganya wapi.

Lenzi yake haikutengenezwa kwa kioo cha kawaida, bali kwa dutu inayopitisha miali hiyo, kama vile jermaniamu. Sababu yake tuliiona Kasulu: mwalimu aliposimama nyuma ya dirisha la kioo lililofungwa, alitoweka kabisa katika picha. Kioo kinachopitisha mwanga huizuia miali ya urefu wa wimbi wa mikromita 8 hadi 14, ambayo ndiyo kamera inayoitegemea. Basi yule anayedai kwamba kifaa hiki huona ndani ya nyumba asisadikiwe. Kinaona uso wa ukuta tu.

Jaribio lenye mafunzo mengi zaidi halikuhitaji maabara. Tulichukua sufuria ya alumini iliyozoea mafiga, yaani nyeusi kwa masizi chini na yenye kung'aa ukingoni, tukachemsha maji. Kwa sababu ya mwinuko wa nchi hii, maji huchemka kwenye nyuzi 95 au 96 za Selsiasi, wala si 100. Katika picha sehemu yenye masizi iliwaka kama kaa. Ukingo unaong'aa ulionekana baridi, ingawa mkono usingeweza kuugusa. Mwanafunzi aliyesoma habari za mchemraba wa Leslie ameshajua chanzo chake: uso mweusi usiong'aa hutoa miali vizuri, ilhali madini yanayong'aa hutoa kidogo na kuakisi miali ya vitu vingine. Kamera haipimi halijoto yenyewe. Hupokea miali na kukisia halijoto. Ukibandika ukingoni kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme, kipande hicho nacho huwaka pichani.

Kosa lilo hilo hutokea juu ya paa. Bati jipya, usiku usio na mawingu, huweza kuonyeshwa kuwa chini ya sifuri, kwa kuwa kamera inatazama anga lililoakisiwa. Bati lililokula kutu husomeka kwa usahihi zaidi. Fundi atafutaye mahali joto linapopotea hana budi kulijua jambo hili.

Penye udongo kamera ni mwaminifu. Wilayani Kasulu, ambako kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imekuwapo tangu mwaka 1996, kuni ni suala zito kwa wenyeji na wakimbizi pia. Jiko la udongo likipigwa picha hudhihirisha papo hapo ufa unaovujisha joto na ukuta uliojengwa mwembamba mno. Kwa maoni yetu, hii ndiyo kazi inayostahili gharama ya kifaa.

Wafugaji nyuki wa Kibondo waliuliza kama wangeweza kujua mzinga wenye nyuki bila kupanda mtini. Swali ni zuri, maana nyuki hutunza majana yao kwenye nyuzi 34 au 35 hata usiku wa baridi wa Julai. Lakini gogo nene halipitishi joto upesi, na hesabu nayo inakataa. Kamera yenye pikseli 160 kwa mlalo, ikitazama upana wa mita 10 kutoka umbali wa mita 10 hivi, huipa kila pikseli sentimita 6. Tundu la mzinga ni dogo kuliko hapo, na joto lake huchanganywa na ubaridi wa gogo. Ukisogea hadi mita 2, tundu huonekana. Ila kufika hapo ni kupanda mti.

Limebaki suala la homa, ambalo wanafunzi hulitaja kwanza. Vifaa vya bei hii huweza kukosea kwa nyuzi 3 juu au chini. Tofauti kati ya mtu mzima wa afya mwenye nyuzi 37 na mgonjwa mwenye 38.5 ni nyuzi moja na nusu tu, tena kamera husoma ngozi, ambayo hupoa kwa upepo na jasho. Mtoto mwenye malaria aliyetoka mvuani anaweza kuonekana mzima kabisa. Apelekwe zahanati akapimwe damu siku hiyohiyo, hata kama picha haikuonyesha kitu.