TAREHE MOJA, MIAKA MBALIMBALI

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana kalamu na daftari lake. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni: 12 Desemba.

Someni pamoja nami. Kumi na mbili ni siku. Desemba ni mwezi wa mwisho wa mwaka. Je, tarehe imekamilika? Bado. Siku na mwezi hurudi kila mwaka, lakini mwaka ukipita haurudi tena. Basi tuongeze miaka, tuone yaliyotokea.

12 Desemba 1863. Siku hiyo alizaliwa Edvard Munch, katika nchi ya Norwei. Alipokuwa mtu mzima alipata sifa duniani kwa kuchora picha.

12 Desemba 1901. Mtaliana Guglielmo Marconi alikuwa katika mji wa St. John's, kisiwa cha Newfoundland, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Aliinua waya juu kwa tiara. Kisha akatangaza kwamba amesikia milio mitatu mifupi, alama ya herufi S, iliyopelekwa kwa simu ya upepo kutoka Poldhu, Uingereza, umbali wa zaidi ya kilomita 3,000. Redio mnayoisikiliza ilitokana na simu hiyo ya upepo.

12 Desemba 1963. Kenya ilipata Uhuru. Usiku wa manane, mjini Nairobi, bendera ya Uingereza ilishushwa, ikapandishwa ya Kenya.

12 Desemba 1964. Kenya ikawa Jamhuri, na Mzee Jomo Kenyatta, aliyekuwa Waziri Mkuu, akawa Rais wa kwanza.

Sasa tufikiri. Munch alizaliwa miaka 100 kamili kabla ya Uhuru wa Kenya. Je, mambo hayo yanahusiana? La, yameangukia siku moja tu. Lakini Jamhuri haikuangukia hapo hivi hivi. Siku ilichaguliwa, ili Uhuru utimize mwaka mmoja. Basi mkikuta mambo mawili yenye tarehe moja, ulizeni: Ni mwaka gani? Tena, je, siku hii ilichaguliwa na watu?

Tarehe kamili ina faida nyingine. Katiba ya Kenya ya 1963 ilipanga uraia kwa kufuata siku ya Uhuru. Waliozaliwa kabla yake walikuwa na masharti yao, na waliozaliwa siku hiyo au baadaye walikuwa na masharti mengine. Wazee wetu walisema, "Alizaliwa mwaka wa nzige." Ni kweli, lakini nzige walikuja zaidi ya mara moja! Karani atajuaje ni mwaka upi? Kwa hiyo mtoto akizaliwa, andikeni siku, mwezi na mwaka, mkamwandikishe upesi apate cheti.

Kazi ya nyumbani:

1. Andika tarehe kamili ya leo.
2. Andika tarehe ya kuzaliwa ya mtoto mmoja wa nyumbani kwako.
3. Toka 1901 hata 1963 ni miaka mingapi?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.