Blogu na Milisho ya Habari Katika Ufundishaji wa Kiswahili

Kufundisha lugha kwa kutumia habari za siku si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilisomwa shuleni na nje ya shule, na kurasa zake zilichanganya habari, mafunzo, barua na mashairi ya wasomaji. Nchini Kenya, Taifa Leo nalo limewafaa walimu katika mazoezi ya ufahamu na ya insha. Kilichobadilika ni chombo. Makala haya yanaeleza jinsi blogu na milisho ya habari inavyoweza kutumiwa darasani, na yanashikilia kwamba faida yake kubwa haipatikani kwa kuiga lugha ya vyombo hivyo, bali kwa kuichunguza.

Vyombo vyenyewe

Blogu ni tovuti ambamo mwandishi huweka makala mafupi yenye tarehe, ya karibuni yakitangulia, na aghalabu wasomaji huruhusiwa kumjibu papo hapo. Kiswahili hakikuchelewa kuingia katika uwanja huu. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, Mtanzania, alianzisha blogu iitwayo Jikomboe, iliyokuwa miongoni mwa blogu za kwanza kuandikwa kwa Kiswahili.

Mlisho wa habari ni orodha inayotolewa na tovuti: kichwa cha habari, muhtasari, tarehe, na anwani ya makala kamili. Programu ya msomaji huikagua orodha hiyo kila mara na kuleta kilicho kipya. Kwa njia hiyo mtu huweza kusoma habari zitokazo Nairobi, Dar es Salaam na Bonn katika ukurasa mmoja, bila kuzungukia tovuti moja moja. Programu hizi huja na kupita. Google Reader, iliyopendwa na wengi, ilifungwa mwaka 2013. Kwa hiyo mwalimu hana budi kuuelewa utaratibu wenyewe kuliko kutegemea programu moja.

Pengo la kamusi na kitabu

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na toleo lake la pili mwaka 2004. Katika miaka hiyo 23 yaliingia mambo mengi yaliyohitaji majina. Kamusi haina kosa katika hilo, maana kazi yake ni kupima kabla ya kusajili. Hata hivyo, mwanafunzi anayeishi baina ya matoleo mawili huyakuta maneno yakitumika kabla hajaelezwa habari zake.

Mfano mzuri ni neno barakoa. Kamusi za zamani zililitaja kwa maana ya kifuniko cha uso kilichovaliwa na baadhi ya wanawake wa Kiarabu. Ulipoenea ugonjwa wa korona mwaka 2020, neno hilo liliibuka tena katika habari kwa maana ya kitambaa cha kuziba pua na mdomo, likashindana na maski. Tanzania iliuita ugonjwa wenyewe UVIKO-19, huku Kenya ikiendelea kusema Covid-19 au korona. Mwanafunzi aliyefuata milisho ya nchi hizo mbili aliweza kuona kwa macho yake neno kongwe likipewa kazi mpya. Funzo la namna hiyo katika semantiki halipatikani kwa urahisi katika kitabu cha kiada.

Kasoro zinazofundisha

Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba habari nyingi za kimataifa hufika katika chumba cha habari kwa Kiingereza, na mtafsiri hushindana na saa. Matokeo yake ni tungo kama “kucheza jukumu” badala ya kutekeleza jukumu, “mwisho wa siku” kwa maana ya hatimaye, na ile desturi ya kuanza sentensi ya pili ya habari kwa “Hii ni baada ya”, ilhali kiunganishi kimoja kingetosha.

Hapa ndipo penye uzito wa suala hili. Mwalimu akileta habari hizo kama kielelezo, anazihalalisha kasoro hizo. Akizipiga marufuku, mwanafunzi atazisikia nyumbani jioni ileile. Akizikata kwa wino mwekundu bila maelezo, mwanafunzi ataamini kwamba pana Kiswahili cha aina mbili, kimoja cha mtihani na kingine cha ulimwengu. Hapana shaka atachagua kipi akishamaliza shule. Njia inayosalia ni kuzileta kasoro zenyewe darasani na kuzijadili kwa uwazi.

Mazoezi matatu

Zoezi la kwanza ni ulinganishi. Mwalimu huchagua tukio moja lililoripotiwa na vyombo vitatu, kisha wanafunzi hulinganisha vichwa vya habari: ni nani aliyefanywa kiima, kitenzi kiko katika kauli ya kutenda au ya kutendwa, na ni jambo gani limeachwa. Sarufi inayofundishwa hivi huonekana kuwa na kazi.

Zoezi la pili ni kulifuata neno. Kila kundi hupewa istilahi zinazoshindana, mathalani rununu na simu ya mkononi, au tarakilishi na kompyuta, na kuhesabu matumizi yake kwa muda wa mwezi mmoja. Mwishoni kundi hutoa hoja ya kupendelea neno moja, likitegemea ushahidi lililoukusanya badala ya mazoea ya mwalimu.

Zoezi la tatu ni blogu ya darasa. Insha ya kawaida huwa na msomaji mmoja, naye huisoma ili aikadirie alama. Mwandishi wa namna hiyo hujifunza kumridhisha mkaguzi. Blogu humpa wasomaji wasiomjua, wasiolazimika kumaliza aya ya kwanza, na wanaoweza kumuuliza alichokusudia. Akijua hivyo, ataitafuta methali inayofaa badala ya kuzirundika methali ili apate alama.

Masharti

Kazi hii haihitaji maabara ya kompyuta. Mwalimu mwenye simu moja anaweza kunakili vichwa vitano ubaoni, na blogu ya darasa inaweza kuanza kama karatasi zilizobandikwa ukutani, wenzao wakiandika majibu chini yake. Mlisho nao hauthibitishi ukweli wa habari unazozileta. Kuzipima ni sehemu ya somo. Majina kamili na picha za wanafunzi yasichapishwe, na maoni ya wasomaji sharti yapitiwe na mwalimu kabla ya kutokea.

Kwa kuhitimisha, lawama kwamba vyombo vya habari vinaharibu Kiswahili ni ya siku nyingi, na pengine ina haki yake. Lakini waandishi wa habari wa kesho wamo madarasani leo. Atakayezoea kuikagua tafsiri ya mwenzake akiwa shuleni atakuwa na sababu ya kuikagua ya kwake akiwa kazini.