Kahawa inasaidia migreni, lakini haifukuzi hewa mbaya ya shimo

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama, kuna swali moja ambalo munatuuliza kila mara ku sindikati: ni kweli kahawa inatuliza kichwa? Jibu ni ndiyo, lakini iko na mipaka.

Kwanza, si kila kichwa kuuma ni migreni. Migreni inashika mara nyingi upande mumoja na inagonga kama nyundo. Mutu anasikia kichefuchefu, hataki mwangaza wala makelele. Bila dawa inaweza kuendelea masaa 4 mpaka siku 3. Wanawake wanaipata karibu mara tatu kuliko wanaume. Njo maana mama akilala mu chumba cha giza muchana, tusiseme ni uvivu.

Ndani ya kahawa muko kafeini. Inafanya mishipa ya damu ya kichwa ijifunge kidogo, tena inasaidia dawa ya maumivu iingie mbio mu mwili. Marekani, mwaka 1998, serikali iliruhusu dawa ya migreni inayoitwa Excedrin Migraine: kinini mbili ziko na asipirini mg 500, parasetamoli mg 500 na kafeini mg 130. Mwaka 2014, wachunguzi wa Cochrane walikusanya majaribio juu ya maumivu mbalimbali. Dawa ya kawaida ikiongezewa kafeini mg 100 ao zaidi, juu ya kila watu 100, watu 5 mpaka 10 zaidi wanapata nafuu nzuri. Ni musaada mudogo, lakini ni wa kweli.

Kikombe kimoja cha kahawa kiko na mg 80 mpaka 100 hivi. Basi mutu mukubwa mwenye migreni anywe parasetamoli mapema, maumivu yakianza tu, pamoja na kikombe kimoja. Asingoje mpaka kutapika. Parasetamoli ya mg 500 isipite kinini 8 kwa siku. Musome paketi: kama imeandikwa «paracétamol, caféine», musiongeze parasetamoli ingine juu yake. Asipirini si ya watoto, si ya mwenye kidonda cha tumbo, na mama mwenye mimba asiikunywe bila neno la munganga. Yeye tena asipitishe kafeini mg 200 kwa siku.

Mutego uko hapa. Sisi wa poste ya usiku tunakunywa kahawa na makopo ya vinywaji vya nguvu ili tusisinzie. Siku ya mapumziko hatukunywi, na kichwa kinaanza kuuma: ni mwili unadai kafeini yake. Tupunguze kidogo kidogo, tusikate mara moja. Na mutu anayekunywa dawa zenye kuchanganywa na kafeini siku 10 ao zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe inaweza kumuletea kichwa.

Sasa neno letu la sindikati. Kichwa kikiuma mu shimo, tuulize kwanza kimetoka wapi. Moshi wa mashini za mazutu uko na gazi ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu wala rangi, na inaua. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, sawa na migreni. Kama watu wawili ao watatu wanaumwa kichwa fasi moja, saa moja, musitafute kahawa: mutoke wote, mupashe habari, na hata mumoja asirudie mbele hewa haijapimwa. Joto bila maji ya kunywa linaleta pia kichwa. Kichwa pamoja na homa, mupime malaria. Kichwa kinachokuja gafula na nguvu ambayo hujapata kuona, ao mukono unaregea, ao mudomo unapinda: ku hospitali saa ile ile.

Code du travail ya mwaka 2002 inamulazimisha mwenye kampani atunze mufanyakazi na jamaa yake wakigonjwa. Basi musivumilie kimya na kinini ya mu mufuko. Muandike siku, saa, fasi ya kazi, na ni watu wangapi waliumwa, mulete kwa delege wenu. Tukiwa na karatasi kumi za fasi moja, tutasimama mbele ya wakubwa na kudai hewa ile ipimwe.