Dawa ya Deni ni Kulipa: Kukokotoa Mkopo wa Nyumba kwa Majuma Mawili

Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa, lakini hawakueleza kulipa huko kuwe kwa vipindi gani. Makala haya yanafafanua suala hilo kwa kutumia kikokotoo cha fedha, nomino itokanayo na kitenzi kokotoa.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, aliyeweka rehani hati ya shamba akakopa shilingi 1,000,000 za kujengea nyumba. Riba ni asilimia 12 kwa mwaka, hutozwa kwenye salio linalopungua, na muda ni miaka 10. Kikokotoo kina vitufe vitano vikuu: N ni idadi ya malipo, I ni riba ya kipindi, PV ni fedha zilizokopwa, PMT ni kiasi cha kila lipo, na FV ni salio la mwisho. Vinne vikijazwa, cha tano hujibu. Akiingiza N 120, I 1, PV 1,000,000 na FV 0, PMT huwa takriban 14,347 kwa mwezi. Jibu hutokea na alama ya kutoa, kwa kuwa fedha hizo zinamtoka mfukoni.

Sasa alipe nusu, yaani 7,173.50, kila baada ya majuma mawili. Riba ya kipindi ni 12 kugawanywa kwa 26, yaani 0.4615. N huwa karibu 224: deni litakwisha kwa miaka 8 na miezi 7 hivi, na riba itapungua kwa takriban shilingi 115,000.

Hapa hapana muujiza. Mwaka una majuma 52. Nusu 26 ni malipo kamili 13 badala ya 12. Kwa hiyo mwalimu alipwaye kwa mwezi anaweza kuongeza shilingi 1,196 kila mwezi, naye atamaliza kwa takriban miezi 104.

Hata hivyo, faida hii hupatikana tu iwapo mkopeshaji atapunguza salio mara apokeapo fedha. Akiziweka hadi mwisho wa mwezi, au akikokotoa riba kwa mkopo wa awali daima, hesabu hubadilika. Yafaa jambo hilo liulizwe kabla ya kutia sahihi, kwani kilicho rehani ni shamba la watoto.