Habari za Jamaa Wakati wa Vita

Wasikilizaji wangu, vita viingiapo katika nchi huleta mauti na njaa, jambo ambalo kila mtu alijua. Walakini yako mateso mengine yasiyomwaga damu, nayo ni kukosa habari za jamaa. Leo nataka kueleza jinsi yalivyowapata watu wa Tigray, jimbo la kaskazini ya Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi.

Vita vilianza huko tarehe 4 Novemba, 2020, na siku ile ile simu zikanyamaza. Wengi hudhani ya kuwa sauti katika simu ya mkononi huruka moja kwa moja kutoka kwa msemaji hata kwa msikiaji. Sivyo. Huruka mpaka mnara ulio karibu tu, kisha hupita katika nyaya na mitambo hata mnara wa pili. Basi mtambo mkubwa ukizimwa, jimbo zima huwa bubu mara moja. Kampuni ya simu ya serikali ilisema kuwa watu waliingia katika kituo chake cha Mekelle wakaukata mtandao. Wengine wakaishitaki serikali yenyewe.

Baada ya majuma machache simu zilirudi katika miji fulani, zikakatika tena mwezi wa Juni, 2021. Mabenki nayo yakafungwa. Bwana Tedros Adhanom Ghebreyesus, mkuu wa Shirika la Afya Duniani, ambaye asili yake ni Tigray, alisema mwaka 2022 kuwa anajua jamaa zake wana njaa, wala hana njia ya kuwapelekea fedha. Mkubwa kama huyo akishindwa, mnyonge atafanyaje?

Ilibaki njia ya kizamani, yaani karatasi ya Msalaba Mwekundu. Karatasi hiyo haifungwi, ili wenye silaha waisome na kuiacha ipite. Ndani yake huandikwa mambo ya nyumbani tu. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949, uliofanywa kwa ajili ya vita vya dola na dola, wasema ya kwamba hata ikiwa lazima kupunguza barua, mtu aweza kuruhusiwa maneno 25, mara moja kwa mwezi. Ni machache mno! Mathalani, binti aweza kuandika hivi:

“Mama, sote tu hai. Nimejifungua mtoto wa kike. Tulihama salama, tunakaa kwa shangazi. Babu alifariki, tulimzika vema. Uko wapi? Unakula? Tujibu upesi. Wajukuu wanakusalimu. Mwanao.”

Hesabuni, ni 25 kamili. Tazameni pia ya kuwa hakusema kwa nini walihama. Angalimtaja aliyechoma nyumba, yamkini karatasi ingalizuiliwa njiani.

Mapatano ya amani yalitiwa sahihi Pretoria tarehe 2 Novemba, 2022, na simu zikarudi kidogo kidogo, mji kwa mji. Wako waliopiga siku ya kwanza kwa furaha, wakaambiwa misiba ya mwaka mzima uliopita. Na kilio kikaanza siku hiyo.