Duka ni lako, lakini unaweza kumfukuza nani?

Ukipanda Dindira kutoka Korogwe mjini, mashamba ya chai yanakupokea, na madukani, kama kwingineko mkoani Tanga, hutakosa kibao kisemacho "Kukopa harusi, kulipa matanga". Mangi akikunyima mkopo hajavunja sheria. Mali ni yake na daftari ni lake. Mlevi anayewatukana wateja anaweza kumtoa nje. Kwa mtoto aliyetumwa sigara au pombe, kukataa ni lazima: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia. Wazazi wenye mazoea ya kutuma watoto bia wajue hilo.

Je, akimkataa mtu kwa kabila lake au dini yake? Ibara ya 13 ya Katiba inataja utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, siasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha kuwa misingi ya ubaguzi. Ila katazo lake linawalenga wanaotekeleza madaraka ya kisheria au shughuli za Mamlaka ya Nchi. Mama ntilie na mwenye gesti hawatajwi. Wanaoishi na VVU wana sheria yao ya 2008, wenye ulemavu wana ya 2010. Wengine tunaokoteza vifungu huku na kule, na mimi naona hilo ni pengo la aibu kwa nchi ambayo mapema 1962, wiki chache baada ya Uhuru, iliwatimua Wazungu kadhaa kwa kuwadharau Waafrika, akiwemo meneja wa hoteli Dar es Salaam.

Siku hizi anayekataliwa zaidi amevaa sare ya shule. Simama kituoni saa kumi na mbili asubuhi. Konda ananing'inia mlangoni, mkono mmoja umeziba njia: "Wanafunzi wawili tu, wengine subirini gari la nyuma!" Gari la nyuma nalo linasema hivyo hivyo. Mwanafunzi analipa nauli pungufu, na jioni tajiri anataka hesabu yake kamili. Shida ya konda naielewa. Lakini daladala inabeba abiria kwa leseni ya LATRA, nauli ya mwanafunzi imepangwa na LATRA hiyo hiyo, na kumkataa mwanafunzi ni kosa.

Mzazi, mwanao akiachwa kituoni, mwambie ashike namba ya gari na saa. Kisha uzipeleke LATRA au kwa trafiki aliye karibu, siku hiyo hiyo.